Neno Lisilofunga: Miaka Thelathini na Zaidi ya Kuujadili Msitu

Miaka kadhaa iliyopita afisi moja iliniletea kijitabu cha Kiingereza kinachohusu hifadhi ya misitu, nikifasiri kwa Kiswahili kipate kusomwa katika vijiji vya pwani. Mimi si bwana miti wala mwanasheria. Elimu yangu ni ya kujisomea, na kazi niijuayo ni kutunga mashairi na kufasiri maneno ya wengine. Nilikisia kuwa kijitabu kile cha kurasa ishirini hakitanichukua zaidi ya juma moja. Kilinichukua mwezi, na kilichonikwamisha ni jina la waraka mmoja tu, uliotajwa katika ukurasa wa pili. Waraka huo ulipitishwa na mataifa ya dunia mjini Rio de Janeiro, Brazil, mwezi wa Juni 1992, na jina lake kamili, kama nilivyolifasiri baada ya kufuta mara nyingi, ni hili: Kauli yenye mamlaka, isiyofunga kisheria, ya kanuni za makubaliano ya ulimwengu juu ya usimamizi, uhifadhi na maendeleo endelevu ya misitu ya kila aina.

Msomaji atanisamehe nikimwomba alisome tena jina hilo polepole. Kauli yenye mamlaka, ilhali haimfungi mtu. Kwetu sisi neno lenye mamlaka ndilo neno linalofunga. Hakimu akishatoa hukumu, au kadhi akishafungisha nikaha, hapana tena wa kusema kwamba tamko lile lina mamlaka lakini halifungi. Nilidhani kosa ni langu, kwamba Kiingereza kimenipiga chenga. Nikautafuta waraka wenyewe, nikausoma, na nikaona kuwa sikukosea. Maneno yale mawili yaliwekwa pamoja kwa makusudi, na watu waliokesha siku nyingi wakiyagombania.

Kijitabu kilipokwisha nilialikwa kukisoma mbele ya wanakijiji, mahali ambapo mikoko inafika karibu na nyumba. Alikuwapo mzee mmoja, fundi wa majahazi, aliyekuwa akikata mataruma yake katika mililana ya hapo tangu ujana wake. Nilipofika kwenye neno ‘endelevu’ alinyanyua mkono. “Mwanangu,” akasema, “hapo sikukufahamu. Kitakachoendelea ni nini: mti, au kukata?” Watu walicheka, nami nikacheka nao, lakini sikuwa na jibu. Makala haya ni jaribio la kumjibu, ingawa nimechelewa, kwani mzee mwenyewe ameshatangulia mbele ya haki.

Biashara ndiyo iliyotangulia, uhifadhi ukafuata. Mwaka 1983 nchi zinazouza mbao za ukanda wa joto na nchi zinazozinunua zilifikia mapatano ya kimataifa juu ya mbao hizo. Mapatano yakaanza kutumika 1985, na shirika lake likapewa makao mjini Yokohama, Japani. Katika mwaka huo huo wa 1985, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, Benki ya Dunia na wenzao walianzisha mpango mkubwa wa kuiokoa misitu ya ukanda wa joto. Haikupita miaka mitano ila mpango ule ukashutumiwa kwamba katika nchi nyingi umefungua njia za wakataji kuliko ulivyozifunga.

Wakati huo huo moshi wa Amazon ulianza kuonekana katika televisheni za Ulaya na Marekani. Tarehe 22 Desemba 1988 aliuawa Chico Mendes, mgema mpira wa mji wa Xapuri, katika jimbo la Acre, Brazil. Mendes hakuwa mwanasayansi wala mtu wa makongamano. Alikuwa kiongozi wa chama cha wagema, na hoja yake ilikuwa nyepesi: msitu hautahifadhiwa kwa kuwafukuza watu wake, bali kwa kuwaachia waishi nao kwa kugema mpira na kuokota njugu zake. Mwaka 1990 serikali ya Brazil ilitenga hifadhi yenye jina lake, ambamo wagema wana haki ya kuishi na kuchuma. Namtaja hapa mapema kwa sababu hoja yake ndiyo iliyokuja kusahauliwa mara nyingi katika kumbi za mikutano.

Mwezi wa Julai 1990 wakuu wa mataifa saba tajiri walikutana Houston, Marekani, wakatangaza kwamba dunia inahitaji mkataba wa misitu, na kwamba mazungumzo yake yaanze ili uwe tayari kwa mkutano mkuu wa Rio wa 1992. Mkataba, si kauli; jambo la kutiwa saini, kuridhiwa na mabunge, na kumwajibisha anayelivunja. Hapo ndipo ugomvi ulipoanza.

Nchi zenye misitu ya joto, zikiongozwa na Malaysia na India, zilikataa. Waziri Mkuu wa Malaysia, Mahathir Mohamad, alikuwa msemaji wao mkali kuliko wote. Hoja yake, kwa ufupi, ilikuwa hivi: nchi tajiri zilikata misitu yake zenyewe zikajenga merikebu, reli na viwanda, leo zimeshiba, zinawaambia maskini wasikate, ili misitu ya maskini isafishe moshi wa matajiri. Na kama misitu hiyo ni ya manufaa kwa dunia yote, basi dunia yote na ilipe. India nayo ilishikilia kwamba msitu ni mali ya nchi ulimo, kama yalivyo mafuta chini ya ardhi, wala hapana aliyewahi kuyaita mafuta urithi wa walimwengu.

Ni vigumu kwa mtu wa pwani hii kuisikia hoja hiyo bila ya kutikisa kichwa kwa kukubali. Sisi tunakumbuka boriti. Kwa karne nyingi mikoko ya Lamu na Rufiji ilikatwa ikapakiwa majahazini kwenda Ghuba, na upana wa vyumba vya nyumba za kale za huko ulipimwa kwa urefu wa boriti zetu. Tunakumbuka vile vile kwamba Wajerumani walipoitawala Tanganyika, mikoko ya Rufiji ilikuwa miongoni mwa misitu ya mwanzo kutiwa chini ya amri ya serikali, na aliyekuwa akikata kwa ruhusa ya wazee wake akajikuta mwizi kwa sheria ya mgeni. Kwa hiyo mtu akija kutoka mbali na kusema msitu wako ni wa watu wote, una haki ya kumwuliza anakusudia nini.

Lakini hoja hiyo ilikuwa na upande wake wa pili, ambao wasemaji wake hawakupenda kuugusa. Walipokuwa wakisema ‘msitu ni wetu’, huyo ‘sisi’ alikuwa ni dola. Katika miaka hiyo hiyo, jamii za Wapenan wa Sarawak, huko Malaysia, zilikuwa zikijilaza barabarani kuzuia magari ya wakata magogo wasiingie katika msitu wao. Kwa Wapenan, neno mamlaka ya nchi lilikuwa na sura ya gari la magogo. Pale Rio palikuwa na pande mbili mezani, tajiri na maskini. Upande wa tatu, yaani wa watu wanaoamka na kulala msituni, ulikuwa nje ya mlango.

Mkataba ukashindikana. Mkutano ulipomalizika tarehe 14 Juni 1992, kilichobaki ni ile kauli ya kanuni 15. Kanuni ya kwanza kabisa inaanza kwa kuthibitisha haki ya kila dola kutumia rasilimali zake kwa sera zake yenyewe. Maneno ‘misitu ya kila aina’ yalitiwa ili Kanada, Urusi na Ulaya nazo zihesabiwe, isiwe anayenyooshewa kidole ni Mmalaysia na Mbrazili pekee. Neno ‘yenye mamlaka’ lilikuwa la wale waliotaka mkataba. ‘Isiyofunga’ lilikuwa la walioukataa. Kila upande ulipewa neno lake likae katika jina, na jina likawa refu kuliko matumaini yaliyobaki ndani yake.

Tukumbuke kwamba mwaka huo haukuwa mwaka wa kushindwa katika kila jambo. Matini ya mkataba wa bioanuwai yalikubaliwa Nairobi tarehe 22 Mei 1992 na yakatiwa saini Rio. Mkataba wa tabianchi nao ulitiwa saini huko huko. Na mwaka 1994 Afrika ilipata mkataba wa kupambana na kuenea kwa jangwa, ambao iliudai kwa muda mrefu. Viumbe vimepata mkataba, hewa imepata mkataba, hata jangwa limepata mkataba. Msitu, unaovihifadhi viumbe, kuisafisha hewa na kulizuia jangwa, haukupata.

Baada ya Rio mazungumzo yakawa ni ya kuhama kutoka chombo kimoja kwenda kingine. Liliundwa jopo la serikali juu ya misitu, 1995 hadi 1997. Likafuatiwa na baraza, 1997 hadi 2000. Viwili hivyo vikatoa kwa pamoja mapendekezo zaidi ya 270. Oktoba 2000 likaundwa Jukwaa la Umoja wa Mataifa juu ya Misitu, ambalo wanachama wake ni nchi zote.

Katika kipindi hicho lilitokea jambo ambalo mtu asiyefuatilia hawezi kulikisia. Malaysia, iliyokuwa mpinzani mkuu wa mkataba Rio, ilishirikiana na Kanada mwaka 1994 kuitisha kikundi cha nchi cha kutafuta maelewano, na kadiri miaka ilivyosonga ikawa miongoni mwa wanaoukubali mkataba. Marekani, iliyoudai Houston 1990, ikageuka ikawa miongoni mwa wanaoukataa. Kilichobadilika si msitu, bali hesabu. Nchi zinazouza mbao ziliona kuwa wanunuzi wameanza kuzisusia mbao za joto, na kwamba mkataba wa misitu ya kila aina ungewabana wauzaji wote kwa kipimo kimoja. Marekani nayo ikaona kwamba ‘kila aina’ maana yake ni misitu yake pia. Ndipo nilipofahamu kuwa katika mazungumzo haya usimwulize mtu anapenda neno gani. Muulize neno hilo litamgusa nani.

Mwaka 2007, baada ya miaka kumi na mitano ya kujadili kama waraka ufunge au usifunge, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha tarehe 17 Desemba waraka mpya. Jina lake: Chombo kisichofunga kisheria juu ya misitu ya kila aina. Neno ‘yenye mamlaka’ lilikuwa limeondoka, ‘kisichofunga’ lilibaki. Mwaka 2015 jina likafupishwa, likawa Chombo cha Umoja wa Mataifa cha Misitu, bila ya kutaja kufunga wala kutofunga. Mwaka 2017 ukafuata mpango mkuu unaofika 2030, wenye malengo sita, na la kwanza likiwa ni kuongeza eneo la misitu duniani kwa asilimia 3. Kila nchi hujiamulia mchango wake.

Hapa pana swali ambalo mfasiri hawezi kulikwepa. Tunapohesabu msitu, tunahesabu nini? Shirika la Chakula na Kilimo lina tafsiri yake, na ndiyo inayotumiwa katika hesabu za dunia: ardhi isiyopungua nusu hekta, yenye miti inayozidi mita 5 au inayoweza kufikia urefu huo, na kivuli cha matawi kinachozidi asilimia 10. Kwa kipimo hicho shamba la mikaratusi iliyopandwa kwa mistari, ambamo hausikiki ndege, ni msitu. Shamba la mpira ni msitu. Mahali palipokatwa pote pakawa uwanja mtupu, ikiwa panatarajiwa kuota tena, pangali ni msitu. Lakini shamba la minazi la babu yangu, lenye kivuli cha kumlaza ng’ombe adhuhuri, si msitu, kwa kuwa ni kilimo. Sisemi kwamba tafsiri hiyo ni ya hila. Anayehesabu dunia nzima lazima awe na fimbo moja ya kupimia. Nasema tu kwamba nchi inaweza kukata msitu wa miaka mia tano, ikapanda miti ya kutengenezea karatasi, na katika daftari isionekane imepoteza kitu.

Kwa hesabu ya shirika hilo iliyotolewa mwaka 2025, dunia ina misitu hekta bilioni 4.14, karibu theluthi moja ya nchi kavu. Ukataji wa kugeuza misitu kuwa mashamba na matumizi mengine, uliokuwa hekta milioni 17.6 kwa mwaka katika miaka ya 1990 hadi 2000, ulipungua ukawa hekta milioni 10.9 kwa mwaka katika 2015 hadi 2025. Kwa hiyo si kweli kwamba hapana kilichobadilika. Lakini hekta milioni 10.9 ni zaidi ya mara arubaini ya Unguja na Pemba zikiwekwa pamoja, kila mwaka.

Swali la Mahathir, nani alipe, lilirudi kwa mlango mwingine. Katika Itifaki ya Kyoto ya 1997 na taratibu zilizofuata, nchi tajiri ziliweza kugharimia upandaji wa miti mipya katika nchi maskini zikahesabiwa fadhila. Lakini kuuacha msitu uliopo usikatwe hakukuhesabiwa kitu. Aliyekata akapanda alikuwa na malipo; asiyekata hakuwa na lake. Mwaka 2005, katika mkutano wa tabianchi uliofanyika Montreal, Papua New Guinea na Costa Rica zilisimama zikapendekeza kwamba nchi inayopunguza ukataji ilipwe kwa hewa ukaa iliyoizuia isipande angani. Mwaka 2007 huko Bali pendekezo likakubaliwa kuingia katika mazungumzo. Mwaka 2010 Cancún likapewa masharti ya kuwalinda wenyeji na viumbe. Mwaka 2013 Warsaw likakamilishwa kanuni zake. Na mwaka 2015 likatajwa katika kifungu cha 5 cha Mapatano ya Paris. Kwa Kiswahili cha Tanzania mpango huo uliitwa MKUHUMI.

Norway ndiyo iliyofungua mkoba kwa upana zaidi. Brazil ilianzisha mfuko wa Amazon mwaka 2008 kwa fedha zilizotoka Norway kwa sehemu kubwa. Ukataji wa Amazon ya Brazil, uliofikia kilomita za mraba 27,772 mwaka 2004, ulishuka hadi 4,571 mwaka 2012. Lakini tuwe waadilifu: sehemu kubwa ya kushuka huko ilikuja kabla ya fedha hizo, kwa kazi ya Wabrazili wenyewe, ya kuutazama msitu kwa setilaiti, kupeleka askari, kutenga hifadhi na kuwanyima mikopo wakataji. Serikali ilipolegeza mkono, ukataji ukapanda ukapita kilomita za mraba 13,000 mwaka 2021. Mkono ulipokazwa tena kuanzia 2023, ukashuka. Maneno ya kimataifa yalikuwa ni yale yale katika miaka yote hiyo.

Tanzania nayo ilipata ahadi ya Norway mwaka 2008, na Zanzibar ikawa na mradi wake ulioanza 2010, ulioitwa HIMA, yaani Hifadhi ya Misitu ya Asili. Neno ‘hima’ kwetu lina maana ya haraka, na kwa Kiarabu lina maana ya eneo lililozuiliwa lisilishwe wala kukatwa. Sijui kama waliolichagua walikusudia yote mawili, lakini lilikuwa jina zuri. Shehia ziliandikiana mapatano na serikali juu ya misitu yao, na katika vikao hivyo watu wetu walisikia kwa mara ya kwanza kwamba hewa inauzwa. Upande wa Kenya, watu wa Gazi na Makongeni, kusini mwa Mombasa, walianza mwaka 2013 mradi waliouita Mikoko Pamoja. Wanalinda hekta 117 za mikoko, huuza kiasi cha tani 3,000 za hewa ukaa kwa mwaka, na fedha zake wamezitumia katika maji na skuli. Ni kitu kidogo mbele ya hekta bilioni nne. Lakini hapo kila mtu anajua mti gani unalindwa, nani anaulinda, na fedha zimefanya nini.

Barani kwetu pana tendo jingine la kukumbukwa. Wakuu wa nchi za Afrika ya Kati walikutana Yaoundé Machi 1999 wakatoa azimio juu ya misitu ya bonde la Kongo. Kisha Februari 2005, Brazzaville, wakaligeuza azimio kuwa mkataba kamili, wenye kufunga, unaozihusu nchi kumi, miongoni mwao Kongo ya Kinshasa, Rwanda na Burundi. Huko ndiko Wangari Maathai, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, alikopewa kazi ya kuwa balozi wa msitu wa Kongo, akaifanya hadi alipofariki Septemba 2011. Kilichoishinda dunia nzima, Afrika ya Kati ilikifanya. Haina maana kwamba msitu wa Kongo umesalimika. Majembe, makaa na vita vingali vinaula. Bali ina maana kwamba yule aliyesema neno la kufunga haliwezekani hakusema kweli yote.

Hata dunia nzima inajua kufunga inapotaka. Mkataba wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, uliotiwa saini Washington mwaka 1973, unafunga. Mwaka 2016, mjini Johannesburg, nchi wanachama ziliingiza katika orodha ya mkataba huo jamii nzima ya miti ambayo mpingo wetu ni mmojawapo, na kuanzia Januari 2017 gogo la mpingo likawa haliwezi kuvuka mpaka bila ya hati. Mti mmoja mmoja unaweza kulindwa kwa sheria ya dunia. Msitu, yaani miti ikiwa pamoja na watu wake, bado.

Mahali pa mkataba pamejaa maazimio. Mwaka 2014, New York, ilitangazwa kwamba upotevu wa misitu ya asili utapunguzwa kwa nusu ifikapo 2020, na kukomeshwa 2030. Mwaka 2020 ukafika, nusu haikupatikana. Tarehe 2 Novemba 2021, Glasgow, zaidi ya nchi 140, zenye sehemu kubwa kabisa ya misitu ya dunia, zikaahidi tena kuukomesha na kuugeuza upotevu wa misitu ifikapo 2030. Siku moja tu baadaye, waziri wa mazingira wa Indonesia akasema si haki kuilazimisha nchi yake isikate kabisa, na naibu waziri wa mambo ya nje akasema kwamba tamko lile halikutaja kukomesha ukataji. Watu walimlaumu. Mimi niliyesoma matini nilijua anasema nini. Maneno yalikuwa mapana kiasi cha kumwezesha kila mmoja kuingia na maana yake mfukoni.

Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulitunga sheria ya kuzuia kahawa, kakao, mafuta ya mawese, mpira, soya, ng’ombe na mbao zinazotokana na ardhi iliyokatwa misitu. Indonesia na Malaysia zikalalamika kwa maneno yaliyofanana sana na ya 1992, na utekelezaji ukaahirishwa mwaka 2024, na tena 2025. Novemba 2025, dunia ilikutana Belém, kwenye mlango wa Amazon yenyewe. Brazil ilizindua mfuko wa kuzilipa nchi za joto kwa kila hekta inayobaki imesimama, na angalau asilimia 20 ya malipo iwafikie wenyeji na jamii za msituni. Hilo ni jambo jipya, na hoja ya Chico Mendes imepata kiti. Lakini ile ramani ya njia ya kukomesha ukataji, iliyotarajiwa kuingia katika uamuzi wa mwisho, haikuingia. Brazil ikaahidi kuitayarisha nje ya uamuzi huo.

Sasa nirudi kwa mzee wangu. Aliuliza: kitakachoendelea ni mti, au kukata? Leo ningemjibu hivi: Mzee, neno lile lilichaguliwa kwa sababu linaruhusu yote mawili. Mwenye msumeno alilipenda kwa kukata, mwenye kuogopa moshi alilipenda kwa mti, na wote wakatia saini. Si kwamba walikuwa waongo. Walikuwa watu waliohitajiana, wasioaminiana, na wasiotaka kuondoka mikono mitupu. Neno pana ndilo daraja la pekee waliloweza kulijenga, na daraja, hata likiwa bovu, limewawezesha kuendelea kukutana kwa zaidi ya miaka thelathini.

Lakini ningemwambia pia kwamba yale mawili yaliyoulizwa Rio, nani alipe na nani aamue, hayajajibiwa kwa ukamilifu mpaka leo, na kwamba kila palipopatikana nafuu, Acre, Gazi, au Brazil ya miaka ile ya mkono mkali, palikuwapo mtu wa kutajwa kwa jina, mahali pa kuonyeshwa kwa kidole, na siku ya kuulizwa. Ahadi ni deni, walisema wazee wetu. Wala hawakusema kwamba liko deni lenye mamlaka lisilolipwa. Na kwa kuwa hili ni jarida la watu wa mashairi, nami sikumjibu mzee kwa kinywa alipokuwa hai, nimwachie ubeti:

Neno halikati mti, wala halioti jani,
Shoka halingoji hati, isomwe mabarazani,
Ahadi ina wakati, na mtu wa kudhamini,
Deni lisilo shahidi, hulipwa na nani, lini?